Mwalimu anayetaka kurekodi akina mama wa mgongo wazi, Obunga: usianze na kamera

Mwalimu, umesema una simu nzuri, shilingi 40,000 na klabu ya wanafunzi wa kidato cha pili, na unauliza ununue kamera gani ili kutengeneza makala ya filamu kuhusu akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, pale mtaa wa Obunga, Kisumu. Unauliza pia kama uache kazi ya ualimu. Usinunue kamera. Simu inayorekodi 1080p (ubora wa HD kamili) inatosha. Pesa hizo ziende kwenye maiki ya kubana nguoni, hedifoni za kufunika masikio, stendi imara na diski mbili za kuhifadhia video. Watu huvumilia picha hafifu, lakini wasiposikia maneno huinuka na kuondoka.

Na Obunga ni pagumu kwa sauti. Mafuta yanapochemka hutoa mchakacho unaomeza herufi kama s, f na sh, na programu za kuuondoa mara nyingi huharibu sauti ya mama mwenyewe. Kwa hiyo mahojiano yafanyike kabla moto haujawashwa, au nyuma ya nyumba, mbali na karai. Kisha rekodi sauti ya karai peke yake kwa dakika nzima; utaitandaza chini ya picha wakati wa kuhariri. Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu, juu ya leso, isiguswe na kitambaa wala mkufu. Mwanafunzi mmoja avae hedifoni muda wote, na awe na ruhusa ya kusema "simama" hata kwako wewe. Fanyeni kazi asubuhi: Kisumu mvua hupenda kushuka alasiri, na chini ya mabati ikianza hamna mahojiano tena.

Kwenye simu, weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na simu ikiachwa kwenye fremu 30 taa za ndani huweza kumetameta au kuonyesha mistari. Funga mwangaza na fokasi, kwa sababu moshi mweupe ukipita mbele ya sufuria nyeusi simu itabadilisha mwangaza yenyewe na klipu itakuwa inang'aa na kufifia. Washa hali ya ndege. Futa lenzi mara kwa mara kwa kitambaa laini. Mvuke wa mafuta huacha utando ambao kwenye kioo kidogo hauonekani, ila kwenye projekta kila taa inakuwa na duara la ukungu. Dakika moja ya video hula takriban MB 60 hadi 130. Usifute chochote kwenye simu mpaka kiwe kwenye diski zote mbili.

Waache waongee Dholuo. Mama anayelazimishwa Kiswahili cha darasani hutoa majibu mafupi kama ya mtihani. Uliza "nieleze bei ya mgongo wazi inavyopangwa asubuhi", si "je, bei ni nzuri?", na umwombe alirudie swali ndani ya jibu, maana sauti yako itakatwa. Baadaye andikeni kila neno na dakika yake, mtafsiri, ndipo mpange filamu kwenye karatasi kabla ya kugusa laptopu. Hatua hiyo ndiyo klabu nyingi huiruka, kisha huzama kwenye klipu. Maandishi ya chini yasizidi mistari miwili, herufi 40 hivi kwa mstari.

Ruhusa isomwe kwa Dholuo na irekodiwe. Kwa mtoto yeyote, pamoja na wanafunzi wako wakionekana, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Filamu ya kuonyeshwa hadharani nayo iko chini ya Sura 222, yaani sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya kuigiza, kwa hiyo shughulikia leseni na uainishaji wa KFCB (bodi ya kuainisha filamu) mapema.

Kabla ya kumaliza, rudini Obunga na nakala ghafi, muonyeshe waliorekodiwa pekee. Mama anayechukua samaki kwa mkopo huenda amesema jambo litakalomkosanisha na muuzaji wake. Akisema litoke, litoke, hata kama ndilo bora zaidi.

Kuhusu kuacha kazi, baki darasani kwanza na urekodi wakati wa likizo. Mashirika yakianza kukuita, mkataba useme klipu ghafi ni za nani na kama wanaweza kuzitumia kwenye tangazo. Wanaotaka kila kitu bila masharti, wakatalie, kwa sababu sura zilizomo si zako za kuuza.