Kabla ya kumwambia mgombea mwanamke ashushe sauti

Nimewaandaa wagombea wengi kwa midahalo na mahojiano, na wanawake karibu wote huja na ushauri uleule waliopewa na wenzao chamani: shusha sauti, unasikika mkali. Mfano unaotajwa ni Margaret Thatcher, ambaye kweli alifundishwa kuzungumza kwa sauti nzito zaidi kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1979. Lakini alikuwa na mwalimu na muda. Anayelazimisha besi siku chache kabla ya mdahalo hukaukwa koo na kuishiwa pumzi katikati ya sentensi, halafu watu wanasema hajiamini.

Mimi huanza na mitambo. Mara nyingi kipaza sauti kimeachwa kama alivyokitumia mwanamume aliyetangulia: stendi iko juu, na sauti imepangwa kumfaa yeye. Mwanamke anasimama pale, hasikiki vizuri, anapaza sauti, na kesho yake anaambiwa alikuwa anafoka. Fika mapema. Mwombe fundi ashushe stendi, kisha mjaribishie aya nzima ya hotuba kwa nguvu utakayotumia jukwaani, siyo ile "moja, mbili, tatu" ya kunong'ona. Nimemwona mtu mmoja, kwa hotuba ileile, akiitwa mkali ukumbi huu na mtulivu ukumbi ule.

Mavazi yatasemwa tu, hata ukivaa nini. La maana ni kwamba kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo huja na kisanduku, nacho kinahitaji mkanda au nguo yenye kiuno imara. Gauni jepesi hukiangusha.

Kisha kuna swali la familia. Jacinda Ardern alipochukua uongozi wa chama cha Labour cha New Zealand, Agosti 2017, saa chache tu baadaye alikuwa anaulizwa kuhusu kuzaa. Kesho yake alimjibu mtangazaji kwamba yeye binafsi amekubali kulizungumzia, ila si haki kumuuliza hivyo mwanamke yeyote kazini. Napenda jibu hilo kwa sababu halikuwa la kujitetea; lilimhusu kila mwanamke anayeomba kazi. Miezi michache baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na mwaka 2018 akajifungua akiwa madarakani.

Kwa hiyo amua ukiwa bado nyumbani utasema nini na utakomea wapi. Sentensi moja, kisha rudi kwenye bajeti au maji au chochote kilichokupeleka pale. Ukimsomesha mtangazaji dakika tano, kipande hicho ndicho kitakachosambaa, na sera zako hakuna atakayezisikia. Kama mpinzani wako wa kiume hakuulizwa, omba aulizwe naye. Kwa upole kabisa. Wengi hubabaika, maana hawakujiandaa.

Na ukikatizwa, usinyamaze wala usipandishe. Mtaje kwa jina, sema "namalizia," umalizie kwa sauti ileile. Afadhali zaidi, kubaliana na mwendesha mdahalo mapema kuhusu dakika za kila mmoja, na saa iwekwe mahali ambapo wote mnaiona.