Kwa mnaoanza kazi ya rekodi kwenye bondi ya magari

Wengi mnaoingia kwenye bondi za magari, yaani yadi za kuhifadhia na kuuzia magari yaliyoagizwa nje, hapa Kampala, iwe Nakawa, Lugogo au Kireka, mnaonyeshwa kompyuta siku ya kwanza na kuambiwa, "Kila kitu kimo humu." Si kweli. Nimeshika programu hizi za kutunza rekodi za magari ya kuuza miaka mingi, na kabla ya mengine yote nawaomba mjali namba ya chesisi, ile ya utambulisho iliyogongwa kwenye chuma cha gari.

Programu nyingi zilitengenezewa masoko ambako chesisi ina jumla ya herufi na tarakimu 17. Magari yetu mengi yametumika Japani, na namba zake ni fupi, zenye kistari katikati: kwa mfano NZE121, kistari, kisha tarakimu saba. Ukiijaza, programu inakataa. Mwenye haraka huongeza sifuri mpaka zitimie 17, gari linaingia, anaona kazi imekwisha. Siku ya kulitafuta kwa namba iliyo kwenye hati za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, halionekani. Mwombe fundi wa programu aruhusu namba fupi. Akishindwa, andika chesisi kwenye nafasi ya namba ya stoo, ile bondi inayolipa gari yenyewe, herufi kwa herufi, kama ilivyogongwa kwenye chuma.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Tulikuwa na Toyota Premio mbili za rangi ya fedha, zimefika pamoja kutoka Mombasa, chesisi zao zikitofautiana tarakimu mbili za mwisho tu. Gharama za kukaa bandarini na betri mpya ya moja nikaziingiza kwenye nyingine. Skrini ya lile la kwanza ikaonyesha faida nono, mteja akaomba apunguziwe, tukampunguzia. Mwisho wa mwezi nikazipanga risiti mezani moja moja, nikakuta gari lile tumeliuza kwa hasara. Mwenzangu aliyeliuza akakatwa kamisheni kwa kosa langu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Lakini ukijaza sawasawa, hapo ndipo utaona uzuri wa programu. Kila gari linakuwa na leja yake, yaani hesabu yake ya gharama: bei ya mnada, meli, bandari, dereva wa kulileta kupitia Malaba, kodi, fundi, rangi. Broka akipiga simu huku mteja amesimama pembeni yake, unajua papo hapo unaweza kushuka mpaka wapi. Kwa wanaolipa kwa awamu, hakuna daftari linaloishinda: nani anadaiwa, amebakiza kiasi gani, mobile money yake ya mwisho iliingia lini.

Kuna suala la dola. Gari tunalinunua kwa dola, kodi tunailipa kwa shilingi, kwa kiwango cha URA cha mwezi ule, si kile cha duka la kubadilisha fedha. Programu inayokubali kiwango kimoja tu itakupa hesabu ya uongo kila siku. Uliza pia kama imeunganishwa na EFRIS, mfumo wa URA wa ankara na risiti za kielektroniki. Kama haijaunganishwa, kila ankara utaiandika mara mbili, na ile ya pili ndiyo utakayoikosea jioni ukiwa umechoka. Na mwaka wa kutengenezwa uwe na nafasi yake, usichanganywe na mwaka wa usajili, maana tangu 2018 sheria inazuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15.

Msiiamini mashine peke yake. Juni 2024 wadukuzi waliishambulia CDK Global, kampuni ya programu za aina hii, na maelfu ya wauza magari Marekani na Kanada wakarudi kwenye kalamu na karatasi kwa siku kadhaa. Kwetu umeme ukikatika unatosha. Mimi kila jioni, kabla geti halijafungwa, nachapisha orodha ya magari na madeni, naiweka kabatini pamoja na funguo.

Ukianza kazi, omba upewe orodha hiyo. Zunguka nayo uani asubuhi kabla wateja hawajafika, fungua boneti ya kila gari, soma chesisi kwa sauti, weka alama.