Usiagize vijiti kumi kwa mpigo

Kosa langu la kwanza Tokyo lilikuwa la kimishikaki. Nimeingia kibanda cha yakitori, yaani kuku wa kuchoma wa Kijapani, nimeona nyama kwenye vijiti vya mianzi, makaa mekundu, moshi unapanda. Nikasema moyoni, haya tunayajua. Nikaagiza vijiti kumi na viwili kwa mpigo, maana kwetu sahani hujaa kwanza ndipo watu wanawe. Mchomaji akanitazama, akaitikia, akapanga. Nilikula vitatu vya moto na tisa vilivyopoa, ngozi imelegea na mafuta yameanza kuganda. Jirani yangu, mtu wa ofisini aliyekwisha legeza tai, alikuwa akiagiza viwili, anavimaliza, anakunywa, anaagiza viwili vingine. Yakitori huliwa hivyo.

Kibanda hicho kiko chini ya reli, mtaa wa Yurakucho. Wakiingia watu kumi kimejaa, na treni ikipita juu glasi zinatikisika. Nimekula pale miaka yote niliyokuwa masomoni, kwa hiyo ushauri huu ni wa mteja, si wa mpishi.

Kaa kaunta, hata kama meza ipo. Nusu ya utamu ni kumwangalia mchomaji. Jiko lao ni jembamba na refu, kiasi kwamba nyama inakuwa juu ya moto na mkia wa kijiti unabaki nje, hauungui. Nyumba za yakitori zinazojali hutumia makaa ya binchotan. Haya ni ya mti wa jamii ya mwaloni, na yanayosifiwa zaidi ni ya Kishu, upande wa Wakayama. Ukiyagonganisha hulia kama chuma. Yanawaka kwa joto kali bila moshi mwingi. Ule moshi unaouona ni mafuta ya kuku yanayodondokea makaa, na ndio unaoipa nyama harufu yake. Mchomaji anapepea moto unapolegea, anageuza, anahamisha kijiti kutoka penye moto mkali kwenda penye moto wa wastani. Wenyewe wana msemo: kutunga nyama kijitini ni miaka mitatu, kuchoma ni maisha mazima. Nilidhani ni majigambo, mpaka nikajaribu nyumbani kwangu. Nje mkaa, ndani mbichi.

Sasa cha kuagiza. Wageni wengi huishia kwenye paja, momo, au negima, ambayo ni paja lililotungwa kwa kupokezana na vitunguu virefu. Ni salama, lakini usikwame hapo. Kuna moyo, ini, ngozi, gegedu, hata kile kipande cha mkiani kinachoitwa bonjiri, mafuta matupu. Na kuna sunagimo, yaani firigisi! Sisi tuliokulia nyumba ambazo firigisi ni ya baba na watoto wanaitazama tu, pale tunalipiza kisasi, viwili viwili, kwa chumvi na tone la limau.

Nasema chumvi kwa makusudi. Utaulizwa shio au tare. Shio ni chumvi. Tare ni sosi nzito ya soya na sukari, na karibu kila mahali ina sake au mirin, ambavyo ni vileo. Ndugu zangu Waislamu, msitegemee jina la chakula peke yake. Vibanda vingi vinachoma kuku na nguruwe kwenye jiko moja, na kule Muroran, mji wa kisiwa cha Hokkaido, ukiagiza yakitori ya kwao unaletewa nguruwe na kitunguu, ingawa neno lenyewe maana yake ni ndege wa kuchoma. Uliza: "Buta desu ka?" Buta ni nguruwe. Hata kuku wa vibanda hivi kwa kawaida si wa kuchinjwa kwa bismillahi. Anayelishika hilo, na ana haki, atafute mgahawa wenye cheti cha halali, Tokyo ipo.

Pia angalia rangi ya nyama. Baadhi ya nyumba hutoa minofu ya kifua ikiwa na uwaridi katikati, na wateja wao wanaipenda hivyo. Mimi naomba iive kabisa. Sioni aibu, tumbo ni langu.

Jambo lililonigombanisha, kwenye nyumba nyingine nisiyoitaja, ni kibakuli cha kabichi. Sikukiagiza, nikakila, kikaja kwenye bili yeni mia nne. Nilibishana kwa Kijapani cha kuokoteza hadi mwenzangu akaona haya. Kumbe ni otoshi, kionjo kinacholetwa ukishaketi, na ndani yake kuna kama malipo ya kiti. Ndiyo desturi ya sehemu za namna hii, basi lipa na usinune. Usipokunywa pombe agiza chai ya uron (oolong) ya baridi, maana kukaa bila kinywaji chochote hakupendezi.

Beba noti, kwani si kila kibanda kinapokea kadi. Na usivae koti lako zuri. Vibanda vidogo vingine bado vinaruhusu sigara ndani, na ukichanganya na ule moshi wa mafuta, langu nililitundika dirishani siku tatu, na siku ya nne darasani bado nikaulizwa jana nilikula wapi.