Kwa nini unakufa hewani

Mdogo wangu, unauliza mbona kwenye ile ramani ya angani ya gemu la risasi la Quake III, iitwayo q3dm17, unakufa kila ukiifuata ile bunduki ya religani (railgun). Kile kibao cha kurukia kikishakurusha, njia yako inajulikana. Mwenzio anakusubiri tu. Risasi moja ya religani inakata pointi 100 za uhai, nawe unaanza na 125 zinazoshuka zenyewe hadi 100, hesabu unayo. Ila ile bunduki inahitaji sekunde 1.5 kabla ya kupiga tena. Msikilize afyatue kwanza, ndipo uruke. Na ukingoni usigande: roketi hata ikikukosa, mlipuko unakusukumia kwenye utupu. Vijana wa banda letu la gemu hapa Shangani, Mtwara, hiyo ndiyo starehe yao, na makelele juu!