Mgeni alitaka kunipa tipu ya bitcoin

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpagazi, nakaa Moshi. Wiki iliyopita tuliposhuka geti la Mweka, mgeni mmoja alisema hana keshi, akataka kunitumia tipu kwa bitcoin. Nilikataa, nikarudi mikono mitupu, na wenzangu wananicheka mpaka leo. Hiyo sarafu ya mtandaoni si kama M-Pesa tu? Nilikosea?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mlima. Hukukosea.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Arusha, soko la Kilombero, basi nianzie kibandani kwangu. Mteja akinipa noti ya elfu kumi naitia kwenye droo, floti yangu, yaani salio langu la wakala kwenye simu, inapungua elfu kumi, salio lake linaongezeka. Ni shilingi ile ile. Na fedha zote zilizomo kwenye simu za wateja, kampuni inatakiwa iwe nazo benki. Ndiyo maana ukija jioni kutoa, unapata.

Bitcoin haina shilingi iliyolala benki kwa ajili yako. Ilianza Januari 2009, na aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto. Haina benki kuu. Daftari la nani ana kiasi gani linatunzwa na kompyuta nyingi duniani, na sarafu zote hazitazidi milioni 21. Bei yake ni ile atakayokubali mnunuzi wa siku hiyo. Mei 2010 huko Marekani mtu alitoa bitcoin 10,000 akaletewa piza mbili. Leo moja tu inanunua gari. Vijana wanaona kupanda huko. Kushuka kwake, ambako hutokea ghafla, hawakuhesabu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kwangu mtu akikosea namba tunawahi kupiga huduma kwa wateja, na kama aliyepokea hajatoa, muamala unaweza kurudishwa. Bitcoin ikienda imeenda. Mtoto wa dada yangu aliandika yale maneno 12 ya kufungulia pochi yake ya bitcoin ya kwenye simu nyuma ya risiti ya luku, akaisahau mfukoni mwa shati. Shati nililifua mimi. Simu yake ilipoharibika tukaitafuta ile karatasi: imekunjamana, ngumu kama ukoko. Tuliilowesha, tukaikunjua kwa ncha ya sindano, likasomeka neno moja tu. Akiba yake ya pikipiki bado imo daftarini, inaonekana, na hakuna wa kuigusa.

Kisheria, Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali kama bitcoin. Usiichukulie kodi hiyo kuwa ruhusa ya kulipana kwa bitcoin.

Siku nyingine msindikize mgeni hadi kwenye ATM mjini Moshi. Huyu aliyeondoka, mwombe kiongozi wa msafara amwandikie. Zipo huduma za kutuma pesa toka nje zinazoingia moja kwa moja kwenye simu yako. Fanya hivyo wiki hii, kabla hajasahau sura yako.