Una ECA? Mwaka wa kwanza usilale

Matokeo ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi (NBAA) yametoka na jina langu limo. Hatua ya mwisho nimeimaliza, sasa naitwa CPA, mhasibu aliyeidhinishwa, niacheni nijidai kidogo. Kati ya salamu za pongezi, moja ilitoka kwa binti aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) kidato cha tano na sita na kuchaguliwa kuanza shahada ya uhasibu mwaka huu: "Hongera dada. Mimi nimetoka ECA, wanasema semista ya kwanza ni marudio tupu. Nijiongezee kozi za hiari au nile bata?"

Mdogo wangu, bata usile. Na kozi usijiongezee.

Mimi nilitoka HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Leja nilikuwa nazisikia tu. Siku za mwanzo mwalimu mmoja aliuliza nani hajasoma uhasibu kidato cha tano na sita, tukanyoosha mikono, akasema, "Ninyi ndio wateja wangu wa sapu," yaani mitihani ya kurudia. Darasa likaangua kicheko. Sijui kama anakumbuka. Mimi nakumbuka mpaka shati alilovaa.

Basi wenzetu wa ECA wakawa wanasaini mahudhurio na kuondoka. Ni kweli, wiki za mwanzo ni yaleyale: debiti, krediti, leja, na urari, ile orodha ya kupima kama debiti na krediti zinalingana. Sisi wengine tulikesha. Usiku mmoja urari wangu uligoma, debiti imezidi krediti kwa 270,000. Mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa kitandani ananung'unikia taa, akasema, "Gawanya kwa tisa." Ikatoka 30,000 kamili, bila baki. Akasema kuna tarakimu zimepinduliwa. Nikarudi kwenye leja: upande wa krediti, mauzo ya 630,000 yamekaa kama 360,000. Wa ECA wanaujua ujanja huo tangu sekondari, lakini kuujua ni kitu kimoja na kukaa nao ukiwa umechoka ni kingine. Zilipoingia hesabu za ubia na taarifa ya mtiririko wa fedha, baadhi yao walianza kutuomba madesa, yaani notsi zetu. Tuliwapa, ndiyo. Sikusema neno, ila moyoni nilisema mengi.

Sasa ratiba yako. Kanuni za uhasibu, hisabati za biashara, takwimu na uchumi mdogo: hizo nne zimalize mwaka wa kwanza, kwa alama za maana, si za kuponea. Ukikeri takwimu, yaani ukifeli na kuibeba mwaka unaofuata, itakugonga mwaka wa pili ukiwa na uhasibu wa kati mkononi, kisha utaikuta tena kwenye ukaguzi, maana kuchagua sampuli ya ankara ni takwimu hiyohiyo. Kozi ya mawasiliano, ile wanayoitoroka wote, isome. Ripoti ya ukaguzi huandikwa kwa maneno, na bosi hataki kukusahihishia sentensi. Excel jifunze mwenyewe, usingoje kufundishwa.

Pakua silabasi ya NBAA sasa hivi, iweke kando ya orodha ya kozi zako uone zinapokutana. Mitihani ya Bodi ni Mei na Novemba. Ukiwa unajua tangu mwanzo unaelekea huko, unasoma tofauti, hukariri ili upite UE, mtihani wa mwisho wa semista, tu.

Na jihadhari na madesa ya kaka zako. Tanzania tunafuata IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, tangu 2004, na viwango vinabadilika. Desa linalokufundisha ukodishaji kwa kiwango cha zamani, IAS 17, limepitwa. Tangu 2019 ni IFRS 16, na mpangaji anaingiza haki ya kutumia mali na deni lake kwenye mizania. Mapato nayo yalihama IAS 18 kwenda IFRS 15 mwaka 2018. Nimeona watu wazima wakiandika kiwango kilichokufa kwenye mtihani wa kulipia.

Jamani, vijana mnapenda njia za mkato. Mnasubiri bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi), mnasubiri makundi ya WhatsApp, mnasubiri mtu awasolvie. Maswali ya miaka iliyopita yapo, fanya kwa mkono, kwa kalamu, na muda ukiwa unahesabika. Fanya tena. Wa ECA, fanya mara mbili, kwa sababu wewe ndiye unayedhani unajua. Bumu likiingia, nunua kalkuleta kwanza, simu baadaye. Ukipata ratiba nitumie, nitakwambia kipi cha kusogeza.