Kodi na ada za California: lipa kwa wakati, alafu uwabane

Nawaandikia wabongo, wakenya na wakongo wenzangu mlioko California na mnaojiandaa kuja. Kinachomuumiza mtu wa kawaida huku sio sana kodi ya mapato, ni ada ndogondogo na adhabu zake. Watu wakisikia California wanakwambia 13.3% na kushika kichwa, ila hiyo ni ya wale ambao mapato yao yanapita dola milioni moja, sisi hatumo humo. Sisi tunaliwa kwenye mafuta, kwenye stika ya usajili wa gari, kwenye faini ya taa nyekundu, kwenye kampuni uliyoifungua ukaiacha imelala, kwenye ule mstari wa slipu ya mshahara ambao hujawahi kuusoma. Muda wote nilioendesha lori hapa Central Valley, bonde la katikati ya jimbo, nimeona watu wengi zaidi wakivunjwa na adhabu za kuchelewa kuliko kodi yenyewe. Kwahiyo mimi nasema lipa kwa wakati hata kama umekasirika, alafu hasira ipeleke mahali inapoweza kukurudishia hela au kuwabana wanaozitumia.

Tuanze na mafuta maana hayo kila mtu anayasikia. Mwaka 2017 gavana Jerry Brown alisaini sheria ya SB 1, na kuanzia Novemba 1 mwaka huo petroli ikapanda senti 12 kwa galoni, dizeli senti 20, na wakaweka kabisa ndani ya sheria kwamba kodi iwe inapanda yenyewe kufuata mfumuko wa bei. Ndo maana kila Julai 1 unaona inasogea bila mbunge yeyote kunyoosha mkono. Julai 2025 ilifika senti 61.2 kwa galoni ya petroli, wakati serikali ya shirikisho inachukua senti 18.4 na haijagusa kiwango hicho tangu 1993. Novemba 2018 wananchi waliulizwa kwa kura ya Prop 6 kama hiyo nyongeza ifutwe, wengi wakasema ibaki, basi ikabaki. Kura naiheshimu, barabara zilikuwa mbovu kweli. Ila mtu anayelala Modesto kwa sababu ya kodi ya pango alafu anafanya usafi San Jose, anayelipa hiyo senti mara mbili kwa siku kwenda na kurudi, huyo ndo amebeba barabara za jimbo zima mgongoni, na sijasikia wakimtaja.

Kwenye mafuta huna la kufanya zaidi ya kuendesha kidogo. Kwenye gari lipo. Sheria hiyohiyo ya 2017 iliongeza ada kwenye usajili, ilianza na dola 25 mpaka 175 kulingana na thamani ya gari, juu ya ada ya leseni ya gari ambayo ni 0.65% ya thamani. Sasa angalia adhabu: ukichelewa siku 10 za mwanzo wanaongeza 10% ya ile ada ya leseni, mpaka siku 30 ni 20%, ukivuka hapo hadi mwaka ni 60%, mwaka mpaka miwili 80%, zaidi ya miwili 160%, na bado kuna faini nyingine za kudumu zinapandishwa juu yake. Nani anachelewa? Sio tajiri. Ni yule ambaye gari limegoma kupita kipimo cha moshi na hana hela ya fundi.

Kwahiyo kama gari limegoma kipimo, usikae nalo kimya. Lipa ada ya usajili kwa tarehe hata kama stika hawakupi mpaka gari lipite, maana ukishalipa adhabu ya kuchelewa haikukuti, moshi utaushughulikia baadae. Alafu uliza kuhusu Consumer Assistance Program, jimbo linasaidia hela ya kutengeneza gari lililofeli kama kipato chako ni kidogo, au linalinunua gari bovu likaharibiwe kwa zaidi ya dola elfu moja. Hiyo hela inatoka kwenye ada zetu wenyewe na wengi hawaijui. Na wewe unayeenda nyumbani Dar au Mombasa miezi kadhaa ukaacha gari limepaki kwenye uwanja wa nyumba, jaza fomu ya PNO ya DMV, ofisi ya magari ya jimbo, kabla usajili haujaisha, yani unawaambia gari halitatembea, unalipa kiasi kidogo tu badala ya usajili mzima. Ila lisiguse barabara, hata kupaki mtaani hairuhusiwi.

Faini za barabarani ndo zinanichoma roho kuliko zote. Kupita taa nyekundu, faini yenyewe kisheria ni dola 100. Unalipa karibu 490. Kutosimama vizuri kwenye alama ya stopu faini ya msingi ni dola 35, unalipa 238. Hiyo tofauti yote ni nyongeza za kuchangia majengo ya mahakama, huduma za dharura, hadi mfuko wa vipimo vya DNA, yani mama aliyekosea kona akiwahi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ndo anajengea jimbo mahakama. Hii mimi naiita kodi na ni kodi mbaya, kwa sababu anayelipwa dola 17 kwa saa na anayelipwa 170 wanatozwa sawasawa.

Usiitupe hiyo tiketi kwenye droo, ijibu kwa tarehe iliyoandikwa, hata kama jibu lako ni kwamba huna hela. Kuna mfumo wa mahakama mtandaoni unaitwa MyCitations, unaingiza namba ya tiketi, unaeleza kipato chako na watu unaowalisha, unaomba wapunguze, au wakupe muda, au ulipe kidogokidogo, au ufanye kazi za jamii badala ya hela. Kama unapata CalFresh (msaada wa chakula) au Medi-Cal (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) sema, usione aibu. Na tangu 2017 hawakuzuii leseni kwa sababu tu umeshindwa kulipa. Ila ukinyamaza wanaweza kukuongezea mpaka dola 100 nyingine, na hiyo ni baada ya kupunguzwa 2022, kabla ya hapo ilikuwa 300.

Sasa wenye biashara. Kuna jamaa yetu alifungua LLC, yani kampuni inayotenganisha mali yako na madeni ya biashara, kwa ajili ya lori lake kwa sababu kila mtu alimwambia fungua LLC, akafanya kazi, lori likamshinda akaliuza, akahamia jimbo lingine akajua mambo yameisha. Barua ikamkuta huko. LLC ya California inadaiwa dola 800 kila mwaka hata kama haijaingiza senti, hata kama haina akaunti ya benki, mpaka siku utakapoifuta rasmi kwa Secretary of State, ofisi inayosajili kampuni, na kupeleka ritani ya mwisho ya kodi. Weka adhabu na riba juu yake kwa miaka ambayo hukuwa unajua. Jamaa alilipa hela ambayo ingetosha kununua tela. Alafu mapato yakifika dola 250,000 wanaongeza ada nyingine ya dola 900, na hapo wanaangalia mapato ghafi sio faida, kwahiyo mwenye lori ambaye nusu ya hela imeishia kwenye dizeli, matairi na bima anaonekana tajiri kwenye makaratasi. Kama unaanza na kitu kidogo, mfano kusuka nywele au kufanya usafi, kaa na mhasibu kwanza umuulize kama kweli unahitaji LLC au bima nzuri inakutosha. Na ukifunga biashara, ifunge mwaka huohuo.

Upande wa kudai chako. Angalia slipu ya mshahara utaona CASDI, makato ya bima ya jimbo ya ugonjwa na likizo ya familia. Mwaka 2025 ilikuwa 1.2% ya mshahara wote, na tangu 2024 wameondoa kikomo. Watu wanalalamika hiyo makato miaka na miaka alafu siku mama amelazwa au mtoto amezaliwa wanachukua likizo bila malipo! Hiyo ni bima umeshailipia. Inakupa mpaka wiki 8 za kumhudumia mtoto mchanga au ndugu mgonjwa sana, na ukiumwa wewe mwenyewe inaweza kwenda hadi wiki 52, na kuanzia 2025 wanalipa kati ya 70% na 90% ya mshahara. Wakina baba hii ni yenu pia. Wanaolipwa kwa 1099, yani kama wakandarasi sio waajiriwa, hamkatwi hiyo na hamlindwi mpaka mjiunge wenyewe, kwahiyo msidanganyane.

Kwenye ritani ya jimbo kuna CalEITC, hela wanayorudishiwa wafanyakazi wa kipato kidogo, kwa mwaka wa kodi 2024 ilikuwa kwa waliopata chini kidogo ya dola 32,000, na mwenye mtoto wa chini ya miaka 6 aliweza kuongezewa hadi dola 1,154. Tangu 2020 hata mwenye ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, anapewa. Mpangaji mwenye kipato kidogo ana punguzo la kodi la dola 60, wanandoa 120, kidogo ila ni zako. Nendeni kwenye huduma ya kujaziwa ritani inayoitwa VITA, wanajaza bure, acheni kumpa mtu wa mtaani dola 300 akujazie fomu ambayo hata hasaini jina lake. Na muda ukipata, ingia tovuti ya Controller, mdhibiti wa fedha wa jimbo, utafute jina lako kwenye mali zisizodaiwa, dipoziti za zamani na mishahara ya mwisho huwa vinaishia huko, tafuta pia majina yaliyokosewa herufi maana majina yetu wanayaandika wanavyojua wao.

Sasa kwenye matumizi, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka 2008 wapiga kura walikubali mkopo wa dola bilioni 9.95 kwa ajili ya treni ya kasi kutoka San Francisco hadi Los Angeles, wakaambiwa jumla itakuwa kama bilioni 33 na kufikia 2020 mtu anapanda. Leo makadirio yamepita bilioni 100, hakuna abiria hata mmoja, na kinachojengwa ni kipande cha huku kwetu kati ya Merced na Bakersfield. Ukipita Fresno nguzo unaziona. Sipingi treni, nimetoka nchi ambayo SGR imejengwa na watu wanaipanda Dar mpaka Dodoma. Ninachopinga ni mtu kutozwa 60% kwa kuchelewesha stika zaidi ya mwezi mmoja wakati jimbo lenyewe limechelewa miaka na hakuna aliyetozwa kitu.

Hivyohivyo kwa watu wasio na makazi. Aprili 2024 mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti kwamba zimetumika takriban dola bilioni 24 ndani ya miaka mitano na jimbo halikufuatilia vizuri kama zimesaidia. Na wakati wa korona mafao ya wasio na ajira yaliibiwa kama bilioni 20, huku wafanyakazi wa kweli wakifungiwa akaunti na kupiga simu zisizopokelewa. Mimi nikikosa risiti ya dizeli nakataliwa. Hiki kipimo wanachotupimia sisi nataka wapimiwe na wao.

Kuwabana inawezekana, hata kama huna uraia na hupigi kura. Taasisi ya jimbo ikitaka kutunga kanuni mpya lazima iitangaze na kupokea maoni ya maandishi kwa siku 45, na mwisho lazima ijibu kwa maandishi kila pingamizi. Andika kurasa moja, taja gharama zako kwa namba: lori lako, mkopo, marejesho kwa mwezi. Namba haziwezi kujibiwa kwa maneno matamu. Ukitaka kujua hela ya mradi wa mtaani kwako imeenda wapi, omba nyaraka kwa sheria ya California Public Records Act, wana siku 10 kukujibu kama nyaraka zipo na watakupa au la.

Nasema hivi kwa sababu ya kanuni ya malori. Tangu Januari 1, 2023 lori la dizeli la zaidi ya pauni 14,000 lenye injini ya kabla ya 2010 halisajiliwi. Hewa ya bonde hili ni mbaya, ni miongoni mwa mbaya kabisa Marekani, na watoto wetu wengi wana pumu, kwahiyo lengo nalikubali. Ila kampuni kubwa zilikuwa na malori mapya tayari, walioumia ni wenye lori moja. Hela ya msaada ilikuwepo, inaitwa Carl Moyer, inatolewa kupitia mamlaka za hewa za maeneo, lakini ina sharti moja: haiwezi kulipia kitu ambacho sheria imeshakulazimisha kufanya. Maana yake ukisubiri tarehe ya mwisho ndo uombe, umekosa. Ukisikia kanuni inakuja, omba msaada siku hiyohiyo, usisubiri waanze kukamata.

Wengi mnaniuliza kwanini nisihamie Texas. Kule kweli hakuna kodi ya mapato ya jimbo, ila kodi ya kumiliki nyumba inang'ata, na huku Prop 13, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi 1978, inazuia thamani ya nyumba kwenye kodi kupanda zaidi ya 2% kwa mwaka mpaka uiuze, kwahiyo aliyenunua zamani hana haraka. Piga hesabu ya familia yako, usipige ya jirani. Ukiamua kuhama, futa LLC kabla hujafunga mizigo, badilisha leseni na usajili wa gari ukifika, tunza mkataba wa nyumba mpya na risiti ya gari la kuhamia zenye tarehe, na Aprili jaza fomu ya kodi ya 540NR kwa miezi uliyokuwa mkazi wa California, kwa sababu miezi hiyo wataidai.